Nimepunguzwa kiwanda cha samaki Mwanza, nataka kuingia kwenye malori: wenye uzoefu naombeni mawazo

Mnofu wa Igoma aliandika:

Wakuu, wangaluka.

Mimi ni mkazi wa Igoma, umri umeshavuka 35, nina mke na watoto watatu. Nina stashahada ya uchakataji wa samaki, nimesoma chuo cha uvuvi FETA pale Nyegezi. Tangu nimalize chuo nimekuwa kiwanda cha minofu ya sangara, kitengo cha ubora: kupima joto la samaki akipokelewa, kukagua barafu, kuangalia kama minofu imeganda hadi ndani kabla kontena halijafungwa. Kazi nilikuwa naipenda, sitasema uongo.

Sasa sangara ziwani mnajua hali yake. Zamu zikapungua, mashine nyingine zikafunikwa maturubai, mwezi uliopita tukaitwa ukumbini tukasomewa majina. La kwangu lilikuwemo.

Nina leseni daraja D, nimekuwa nikiendesha pikapu ya kiwanda kwenda mialoni, Sengerema huko hadi Magu. Shemeji yangu anaendesha semi, lori la tela, ya Dar kwenda Kigali na maisha yake yanaonekana. Kajenga Buhongwa, watoto wako shule nzuri. Nataka nisomee magari makubwa nipande daraja E, niachane na kuzungusha bahasha maofisini. Mke wangu hataki hata kulisikia. Baba mkwe ndiyo kabisa, kauliza kama nilisomeshwa ili nikalale Nzega chini ya tela.

Nauliza: kwa umri huu nitapata gari la kuendesha, au nitabaki na leseni ukutani? Na hela ni ile inayoonekana kwa shemeji?

---

Gia Ndogo aliandika:

Pole sana mdogo wangu. Mimi niko barabarani tangu enzi Manyoni hadi Singida ni vumbi tupu, nimeendesha pulling (lori linalovuta tela nyuma), nimeendesha semi, sasa hivi navuta tenki. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu majibu utakayopewa vijiweni ni ya aina mbili, ya kukutisha na ya kukudanganya.

Leseni utaipata. Utaenda chuo cha ufundi VETA au chuo cha usafirishaji NIT usome kozi ya magari makubwa, utafanya mtihani wa trafiki, TRA watakupa kadi yako ya miaka mitano. Mtu aliyeweza kukaa darasani Nyegezi hashindwi na alama za barabarani.

Shida inaanza hapo leseni inapotoka. Semi ya ekseli sita ina tairi 22, kichwa 10 na tela 12. Tajiri, yaani mwenye gari, akikukabidhi funguo anaziona zile tairi zote zimebeba mkopo wa benki, na juu yake kuna mzigo wa mtu mwingine. Hakujui. Hata uwe na vyeti vya kujaza begi, swali lake ni moja: nani amewahi kukuachia gari na ukalirudisha? Ndiyo maana sisi wengi tulianza utingo. Siyo kwamba tulikosa akili ya kusomea. Utingo ndiyo ilikuwa njia ya kuonekana. Unafunga turubai, unabadilisha tairi usiku kwenye mvua, unalinda mzigo, siku moja dereva amechoka anakuachia usogeze gari kwenye foleni ya mizani. Mwaka unaofuata anakuachia kipande kilichonyooka. Anayekutafutia gari lako la kwanza ni huyo dereva.

Halafu kuna ujuzi ambao chuo kinakugusisha tu. Nakupa mfano wa mlima Sekenke, maana ukitoka Singida kuja Nzega lazima ukutane nayo. Mgeni akishuka na mzigo anakanyaga breki mfululizo. Ngoma zinashika moto, breki zinaacha kushika, na kila akikanyaga anapunguza upepo kwenye mitungi. Akifika katikati anakuta pedali ipo, breki hakuna. Sisi wa zamani tunasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Unaingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, unaacha injini ikushike, breki unagusa na kuachia. Ukitaka kuibadilisha gia ukiwa tayari umeshika kasi, haiingii. Magari yaliyolala kule korongoni, mengi hayakuwa mabovu.

Kuhusu hela nitarudi jioni, nasubiri kupakua.

---

Chuma cha Isaka aliandika:

Mkuu usipoteze muda. Reli ya kisasa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, kilianza kujengwa 2021. Ikikamilika hadi Dar, nani atapakia saruji kwenye lori? Unaingia kwenye kazi inayokufa ukitokea kwenye kazi iliyokufa.

---

Binti Ukerewe aliandika:

Kaka Mnofu, pole. Kabla hujalipa ada ya chuo chochote, hebu tujue kwanza hicho kiwanda kimekulipa nini. Nimefanya kazi ofisi ya rasilimali watu, naona watu wanaondoka na bahasha na saini bila kujua walichosaini.

Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na nyie wenyewe: nani anapunguzwa, kwa vigezo gani, kuna namna ya kuepuka. Kuitwa ukumbini na kusomewa majina siku hiyohiyo kunatia shaka. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au ulipwe badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Likizo ambayo hukwenda nayo ni hela.

Ukiona hukutendewa haki, malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA, tume ya usuluhishi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Umesema mwezi uliopita. Hesabu tarehe leo, siyo kesho.

Na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fao la upotevu wa ajira. Kwa mwenye taaluma kama wewe, aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe, wanalipa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Haitoshi kulisha watoto watatu, lakini inakupa nafasi ya kuchagua bila njaa kukusukuma.

@Chuma cha Isaka, hata treni ikifika Mwanza Kusini, gunia halitashuka lenyewe kwenda Bunda.

---

Mnofu wa Igoma aliandika:

Dada Binti Ukerewe, wabeja sana. Nimehesabu, bado niko ndani ya siku 30 ila zimebaki chache. Kesho asubuhi naenda. Barua niliyosaini imeandikwa "makubaliano", na sikumbuki kukubaliana na mtu.

Mzee Gia Ndogo, shikamoo. Nasubiri ya jioni.

---

Mke wa Barabara aliandika:

Nimesoma nikacheka kwa uchungu. Mimi ndiye yule mke. Mume wangu anaendesha lori la Kongo kupitia Tunduma. Watu wanaona nyumba ya bati jipya na kusema madereva wana hela. Hela ipo, ila haina ratiba. Foleni ya mpakani ikikaza gari linakaa, gari likikaa mileji haiongezeki, na shule haisubiri foleni ya Nakonde. Nimejifunza kugawa hela ya safari moja kana kwamba safari inayofuata haipo.

Mtoto akiumwa usiku ni mimi. Msiba wa upande wake ni mimi, nasimama mbele ya ukoo kueleza kwa nini mwana wao hayupo. Na hili la wanawake wa vituoni watu wanalizunguka: mke wa dereva analiwaza, hata akinyamaza. Sisi tulikubaliana tangu mwanzo, kila akirudi tunapima wote wawili, na hakuna anayenuna. Wengine wataona ni kumvunjia mume heshima, shauri yao.

Sikukatazi kaka yangu. Mkeo anaposema hataki, muulize hasa hataki nini. Mume wangu nilipomweleza kwamba siogopi lori bali naogopa kutokujua yuko wapi, alianza kunipigia kila anapopaki kulala. Jambo dogo. Limetufikisha hapa.

---

Gia Ndogo aliandika:

Marahaba. Mke wa Barabara hapo juu ameshanipunguzia kazi kwenye suala la hela.

Kampuni nyingi mshahara wa msingi ni mdogo, kinachobeba nyumba ni mileji, yaani posho ya safari. Kwa hiyo usimuulize shemeji yako analipwa kiasi gani kwa safari. Muulize safari moja inamchukua muda gani tangu kupakia hadi kupakia tena. Wawili wanaweza kuwa na mileji sawa, mmoja tajiri yake ana mizigo ya kurudi nayo, mwingine anashinda Kigali akisubiri kupigiwa simu. Hao hawalingani kabisa.

Kati ya posho hiyo unakula, unalala, unalipa mlinzi wa kituo, na gari likipata pancha porini unatanguliza mfukoni kwako. Mafuta unapimiwa. Yakipungua unakatwa. Hapo ndipo vijana wanaponzwa, kuna watu wanakusubiri na madumu pembeni ya barabara, lita 20 tu, bosi hatajua. Siku hizi kuna traka na tenki zina vipimo, anajua kabla hujafunga mfuniko. Ukifukuzwa kwa mafuta, jina lako linafika kwa matajiri wengine kabla yako.

Mizani nayo ni somo. Sheria ya Afrika Mashariki imeweka mwisho tani 56 kwa gari na mzigo wake, tena kwa gari la ekseli saba, hapa kwetu ilianza kusimamiwa Machi 2019. Vijana wanadhani ni jumla tu. Ekseli tatu za tela zenye tairi pacha mwisho wake ni tani 24, kwa hiyo unaweza kuwa chini kwa jumla na bado ukazidisha, kwa sababu wapakiaji wamerundika mzigo nyuma. Dereva anayelala kwenye kibanda wakati wa kupakia ataamkia mizani ya Vigwaza.

Njia ya shemeji yako naijua. Ukifika Rusumo, ukivuka daraja unahama upande, Rwanda wanaendesha kulia. Siku ya kwanza akili inakubali ila mikono inakataa, hasa kwenye mizunguko. Na kule lori ni kilometa 60 kwa saa, kidhibiti mwendo lazima kiwe kinafanya kazi. Hapa kwetu ni 80, vijijini 50, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo iko nyuma ya mwembe. Pasi ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano vikae pamoja na leseni.

Umri wako hauna tatizo. Matajiri wanawapenda watu wenye familia, hawakimbizi gari. Kinachokukwamisha ni kwamba huna mtu wa kukudhamini kwa mdomo wake. Unaye shemeji. Mtumie.

---

Tajiri wa Mwaloni aliandika:

Nimekaa pembeni nasoma. Mimi nina Fuso, napakia dagaa Kirumba Mwaloni, nyingine inashuka Dar, nyingine inaenda mpakani upande wa Ngara. Naomba niongee kama mwajiri.

Huyu bwana mnamshauri kama kijana aliyetoka kijijini hana kitu mkononi. Mtu amekaa miaka kiwandani kwenye ubora. Mnajua hasara ya dagaa walioloa? Dereva anafunga turubai vibaya, mvua inapiga Manyoni, magunia ya juu yanapata unyevu, yanapata joto, mkifika Dar mnunuzi anafungua gunia moja anaondoka. Nimebadilisha madereva wazuri sana wa usukani kwa sababu ya turubai. Nikipata mtu anayejua kwa nini mzigo unaharibika, siyo tu kwamba unaharibika, nampa nafasi ajifunze lori.

---

Gia Ndogo aliandika:

Tajiri, hapo tunapishana kidogo. Kujua samaki hakumwondoi mtu Sekenke. Nimeona mainjinia wakigonga kingo za madaraja.

---

Tajiri wa Mwaloni aliandika:

Sijasema nimpe gari kesho. Aanze pembeni ya dereva wangu, hiyo hiyo utingo mnayoisema, lakini analipwa kama msimamizi wa mzigo. Akishapanda daraja E ataanza na njia fupi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Sengerema na Geita ni kwenda na kurudi. Zamani gari lilikuwa linalala Kigongo likisubiri kivuko, sasa kilometa tatu za daraja unavuka kabla chai haijapoa. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni njia nzuri: haina milima ya kutisha, na jioni unalala kwako. Mke wake pia atapumua.

---

Gia Ndogo aliandika:

Kwa mpangilio huo sina neno. Ila Fuso siyo semi, asije akadhani amemaliza. Kurudisha tela nyuma ni kujifunza upya, unakata usukani kushoto tela linaenda kulia.

Na Mnofu, kuna kitu Tajiri amenikumbusha. Malori ya baridi. Minofu mibichi inayopita mpaka wa Sirari kwenda kupanda ndege Nairobi, iliyoganda inayoshuka bandarini Dar. Kule dereva anatakiwa aangalie mtambo wa baridi njia nzima, aandike joto, ajue afanye nini mtambo ukizima saa nane usiku. Madereva wengi wanauona kama redio, ukilia wanauzima. Nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwako siyo hadithi, umezisimamia. Ukishakuwa na daraja E na uzoefu wa kushika gari, nenda ukabishe hodi huko. Hapo vyeti vyako vya Nyegezi vitasomwa.

---

Chuma cha Isaka aliandika:

Nakubali kwenye malori ya baridi na njia fupi. Nilikuwa naongelea mizigo mizito ya Dar. Hiyo bado nasema treni itaila, labda si kesho.

---

Mnofu wa Igoma aliandika:

Wakuu, samahani nimekaa kimya, nilikuwa nahangaika.

CMA nimefungua shauri. Tulikwenda wengi kutoka kiwandani, kumbe nusu ya watu hawakujua kuna siku 30. Mmoja alikuwa amebakiza siku ile tu. NSSF nimeanza kujaza fomu.

Mke wangu nilimuuliza kama dada Mke wa Barabara alivyosema. Nilitegemea aseme ajali. Akasema anachoogopa ni mimi kuwa mgeni kwa yule mtoto wa mwisho, kwa sababu baba yake mwenyewe alikuwa mvuvi wa dago, anakaa kisiwani miezi, akirudi watoto wanamkimbia. Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Nilipomweleza habari ya Sengerema na Geita akauliza maswali mengi kuliko mimi niliyouliza humu. Baba mkwe bado, ila tangu asikie neno "msimamizi wa mzigo" ameanza kunisalimia vizuri.

Tajiri, kama ulikuwa unamaanisha, mimi niko tayari kuanza kwenye turubai. Kozi nimepanga kuifanya fao likianza kuingia, siyo kabla. Shemeji amekubali kunidhamini, ingawa amesema nikiharibu jina lake nisirudi kwake kula sikukuu.

---

Tajiri wa Mwaloni aliandika:

Namaanisha. Njoo Mwaloni Jumatatu alfajiri, ulizia magari ya dagaa ya Ngara. Njoo na ovaroli na leseni yako halisi, kivuli sitaki. Gari linaanza kupakia saa kumi na moja, nataka nikuone unavyopanga magunia kabla sijakuona unavyoendesha. Mshahara tutaongea hapohapo, na tutaandikiana. Binti Ukerewe anasoma humu, siwezi kuthubutu vinginevyo.

---

Binti Ukerewe aliandika:

Nasoma kweli. Na mchango wa NSSF uandikwe.

---

Kijana Nyakato aliandika:

Mkuu Tajiri, na mimi nina daraja D na sina kazi. Sijasomea samaki lakini najifunza haraka. Naweza kuja Jumatatu?

---

Tajiri wa Mwaloni aliandika:

Nafasi ya gari ni moja. Lakini wapakiaji nahitaji kila siku, na madereva wangu wawili walianzia hapo. Ukija, usichelewe.